Bolti Haikatiki kwa Kutu Peke Yake

Mwenye lori huambiwa kuwa kubadilisha gasketi ya manifoldi ya ekzosi ni kazi ya nusu siku. Gari likiwa jipya, kweli ni nusu siku. Lori lililokwisha kula miaka 20 barabarani lina hesabu nyingine. Bolti tano zinatoka vizuri, ya sita inageuka kwa ulaini wa kutia shaka, kisha kichwa kinabaki ndani ya spana na mwili umesalia ndani ya hedi ya injini. Kuanzia hapo kazi si ya gasketi tena. Ni kazi ya kutoa kipande cha chuma chenye unene wa kidole ndani ya kifaa ambacho thamani yake inapita ya matengenezo yote yaliyokusudiwa, na hakuna anayejua itakwisha leo au keshokutwa.

Kuanzia Gerezani jijini Dar es Salaam hadi Kirinyaga Road jijini Nairobi na soko la Kisekka mjini Kampala, lawama huangukia kutu. "Imeliwa na kutu, mzee, ndiyo maana imekatika." Hilo ni kweli nusu tu. Kutu huishika bolti. Anayeikata ni mtu aliyetumia nguvu kabla ya kujua ni nini hasa kinachoishika. Na mara nyingi mtu huyo hakukosa ujuzi. Alikosa muda, kwa kuwa mapatano ya malipo kati yake na mwenye gari hayakumwachia muda. Mambo haya mawili, utambuzi na muda, ndiyo yanayoamua bolti ngapi zitatoka nzima, zaidi kuliko urefu wa spana au ubora wa mafuta.

Tuanze na kutu yenyewe, maana inaeleweka vibaya. Chuma kikikutana na maji na oksijeni hugeuka kuwa kitu kingine kinachotaka nafasi kubwa zaidi: kutu hujaza mara mbili ya nafasi ya chuma kilicholiwa, na ikishiba maji inaweza kufika hata mara sita. Kati ya meno ya bolti na meno ya nati kuna uwazi mdogo ulioachwa makusudi ili viweze kuzunguka. Kutu huzaliwa ndani ya uwazi huo, haina pa kwenda, inafura na kubana. Kwa hiyo bolti iliyoganda haijaungana na nati kuwa chuma kimoja. Imebanwa na unga mgumu ulio katikati. Unga huo unaweza kupasuliwa, kutikiswa, kuloweshwa na kusagwa, na kila mbinu yenye maana katika kazi hii hufanya mojawapo ya mambo hayo manne.

Chumvi huongeza kasi. Maji yenye chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko maji baridi, na kutu ni kazi ya umeme mdogo unaopita kati ya sehemu moja ya chuma na nyingine. Ndiyo maana lori linaloshinda Mombasa, Tanga au Mtwara huoza tumboni haraka kuliko lenzake la Dodoma, na malori yanayobeba chumvi kutoka mashamba ya Gongoni, kaskazini mwa Malindi, au samaki wenye maji yanayochuruzika hadi kwenye chesisi, huonekana wazee kabla ya wakati wake. Lakini watu wa bara wasijione wamesalimika. Malori yetu mengi yametumika kwanza Japani au Uingereza, na nchi zote mbili humwaga chumvi barabarani wakati wa baridi ili kuyeyusha barafu. Gari lililofanya kazi Hokkaido kwa majira kadhaa ya theluji linaweza kushuka bandarini likiwa na rangi inayong'aa juu na bolti zilizokwisha kushikwa chini. Anayenunua gari kama hilo apige magoti aangalie yubolti za springi na nati za ekzosi kabla ya kuangalia viti.

Jambo la pili linaloshika bolti ni msuguano ambao fundi wa kwanza aliuweka mwenyewe. Spana inapokaza, takriban asilimia 90 ya nguvu yake huishia kwenye msuguano. Karibu nusu ya nguvu yote hupotelea chini ya kichwa, na sehemu kubwa ya inayobaki kwenye meno. Ni kama asilimia 10 tu inayofanya kazi tuliyoikusudia, yaani kuivuta bolti ibane vipande viwili. Wanaomimina mafuta kwenye ncha ya bolti pekee wamesahau nusu ya adui, kwa sababu amekaa chini ya kichwa, pale washa inapogusana na chuma. Mafuta yapite pande zote mbili, na nyundo ipige kichwa, si pembeni bali juu yake sawasawa, ili mgusano huo wa chini uachie.

Zipo pia sababu ambazo hazihusiani na kutu hata chembe, na hizi ndizo zinazoniuma zaidi, maana bolti hukatwa bure. Malori ya Kijapani ya zamani, yaani Fuso, Isuzu, Hino na Nissan Diesel, yana nati za magurudumu ya kushoto zenye meno ya kinyume: kulegeza ni kuzungusha upande ambao kwa kawaida hukaza. Malori mengi ya Kiingereza ya zamani yalikuwa hivyohivyo. Mara nyingi ncha ya stadi, yaani ile bolti isiyo na kichwa inayobaki kwenye habu, imegongwa herufi L au R. Malori ya Kijapani makubwa yaliyotoka baada ya takriban 2010 yamehamia mtindo wa kimataifa ambapo pande zote mbili hufunguka kwa njia moja. Kwa hiyo katika gereji moja unaweza kukuta Fuso mbili zinazofanana kwa kila kitu, zikatofautiana hapo tu. Utingo mpya anakuja na wili spana na bomba la mita moja, anazungusha kama alivyozoea, nati haitoki, anaongeza bomba, anaongeza mwenzake. Stadi inakatika, na wote wanasema kutu. Kufuta ncha ya stadi kwa tambara kungechukua pumzi moja.

Spana isiyolingana nayo ni sababu. Joseph Whitworth alipendekeza vipimo vyake vya meno mwaka 1841, na Uingereza iliendelea navyo na ndugu zake zaidi ya miaka 100, kisha yakaja meno ya inchi yaliyokubaliwa pamoja na Marekani na Kanada mwishoni mwa miaka ya 1940, kisha milimita. Bedford kuukuu au Land Rover ya mwanzoni ina bolti za inchi, na Land Rover hizo wakati mwingine zina mitindo miwili ya meno katika gari moja. Kichwa cha nusu inchi ni milimita 12.7. Spana ya 13 inaingia, inacheza kidogo, na kwa bolti laini hakuna neno. Kwa bolti iliyoganda, ule mchezo wa milimita 0.3 hula pembe za kichwa mpaka kinakuwa duara. Spana ya ringi yenye pembe sita huikamata bolti kwenye bapa zake. Ile yenye pembe kumi na mbili huikamata kwenye kona, na kona ndizo zinazokwisha kwanza. Seti kamili ya boksi za pembe sita, za inchi na za milimita, huokoa bolti nyingi kuliko mkebe wowote wa mafuta.

Sasa nguvu. Bolti ya M12 ya kawaida, yenye namba 8.8 kichwani, hukazwa kwa nyutoni-mita 80 hivi. Mtu wa kilo 70 akining'inia mwisho wa bomba la mita moja analeta karibu nyutoni-mita 690, zaidi ya mara nane. Nguvu hiyohiyo inafaa kabisa kwa nati ya gurudumu la lori kubwa, ambayo hukazwa kwa nyutoni-mita 600 hivi. Bomba ni lilelile na mtu ni yuleyule. Kwenye gurudumu ni kazi ya kawaida, kwenye manifoldi ni maangamizi. Fundi anayetoka kwenye magurudumu kwenda kwenye injini abadilishe mkono kama anavyobadilisha spana.

Kabla haijakatika, bolti hutoa habari. Ikigeuka kwa mlio mkavu, "kyaa", na mkono ukasikia inaachia ghafla, kutu imepasuka na mambo ni mazuri. Ikigeuka kimyakimya, polepole, kama inayojivuta, bila kulegea, basi kinachogeuka ni shingo yake tu; meno hayajasogea. Hapo ndipo pa kusimama. Rudisha spana ilipotoka, weka mafuta, uende ukafanye kazi nyingine. Kuna mafundi wakongwe wanaofunga macho wakati huo, wakishika spana karibu na kichwa badala ya mwisho, ili wasikie vizuri. Ni ujuzi wa mkono usioandikwa popote, na mwanafunzi huupata kwa kusimama karibu na anayeujua.

Kuhusu mafuta, imani ni nyingi kuliko ushahidi. WD-40 ilitengenezwa mwaka 1953 huko San Diego, na jina lake linatokana na kazi ya kufukuza maji. Kupenya kutu haikuwa shabaha yake ya kwanza, ingawa inasaidia kidogo. Yapo mafuta yaliyotengenezwa kwa kupenya, na ni bora. Kwa asiyekuwa nayo, mafuta ya taa yakichanganywa na mafuta kidogo ya gia otomatiki hufanya kazi ya heshima. Wengine huchanganya asetoni nusu kwa nusu na mafuta hayo ya gia, mchanganyiko mwepesi unaopenya vizuri lakini unaoshika moto upesi, kwa hiyo usiwe karibu na gesi. Mafuta ya breki hupenya pia ila hula rangi. Soda ina asidi kidogo na inaweza kulainisha kutu ya juu, ila kwa bolti iliyoshikwa ndani ni kupoteza soda. Tofauti ya aina ya mafuta ni ndogo ikilinganishwa na tofauti ya muda. Yakimiminwa jioni, yakarudiwa usiku na alfajiri, mafuta ya bei nafuu hushinda ya bei ghali yaliyomiminwa dakika tano kabla ya spana.

Mafuta hayaingii yenyewe penye unga uliobanwa; yanahitaji kufunguliwa njia, na njia hufunguliwa kwa mtikisiko. Ndiyo sababu mapigo mafupi ya nyundo, au mashine ya upepo iliyowekwa nguvu ndogo, hufaulu pale ambapo mvuto mrefu wa bomba hushindwa: pigo hupasua unga bila kuipa shingo ya bolti nafasi ya kujisokota. Kukaza kidogo kabla ya kulegeza nako husaidia, maana unga hupasuka upande wowote utakaosogea. Na bolti ikishaanza kutoka, isitolewe moja kwa moja. Kutu iliyosagika hujikusanya mbele ya meno, na baada ya mizunguko miwili mitatu inakaba upya, mara nyingi vibaya kuliko mwanzo. Itoke robo, irudi kidogo, ipewe mafuta, itoke nusu, irudi. Bolti nyingi hukatikia hapa, katikati ya safari, wakati kila mtu amekwisha kushangilia.

Moto ni sura ndefu kwa sababu ndio wenye nguvu kuliko vyote na ndio unaoua. Chuma kikipata joto hupanuka kidogo sana. Tundu la nati ya M12 likipandishwa nyuzi 400 hufunguka kwa takriban milimita 0.06, unene wa unywele. Huo unatosha, kwa kuwa uwazi tunaoupigania ni wa ukubwa huohuo. Lakini lazima ipashwe nati, si bolti, na izungushwe ikiwa bado nyekundu kabla bolti ya ndani haijapata joto lake. Anayepasha vyote viwili polepole kwa mwali mpana amepanua vyote viwili na hajapata kitu zaidi ya kuikausha kutu, ingawa hilo nalo ni faida kidogo, maana kutu ikipoteza maji hupasuka.

Bolti iliyozama ndani ya bloku au hedi haina nati ya kupashwa, na hapo hesabu hugeuzwa: ipashwe bolti yenyewe. Itavimba, itakosa nafasi, itasaga kutu inayoizunguka, kisha ikipoa itarudi ikiwa imeacha mwanya. Wakati wa kupoa, ikiwa bado na joto la kuyeyusha nta, iguswe kwa mshumaa. Nta huyeyuka na kuvutwa ndani ya meno, mahali ambapo mafuta yangeungua. Mbinu hii ni ya zamani sana na haigharimu kitu.

Aluminiamu hubadilisha mambo. Hupanuka karibu mara mbili ya chuma kwa joto lilelile, kwa hiyo kifuniko cha aluminiamu chenye bolti ya chuma huachia kwa joto la wastani; huhitaji wekundu, na ukiutafuta utayeyusha kifuniko, kwa sababu aluminiamu haiwi nyekundu kabla ya kuanguka. Shida yake ni nyingine: metali mbili tofauti penye maji zinaumana, aluminiamu ndiyo inayoliwa, na unga wake mweupe hufura kama kutu. Bolti za nyumba ya themostati ndizo mashahidi. Lori lililojazwa maji ya bomba kwenye rejeta miaka nenda rudi, bila dawa ya kuzuia kutu, karibu kila mara huzikata.

Kisha hatari, nazo nitazisema bila kuzilainisha. Nati ya gurudumu isipashwe kwa gesi tairi likiwa limefungwa, hata kama limetolewa upepo kidogo. Mpira ukipata joto kutoka kwenye rimu hutoa ndani yake hewa inayowaka, na tairi linaweza kulipuka dakika nyingi baada ya mwali kuzimwa, wakati fundi amekwisha kuinama kulichunguza. Chemba ya breki ya nyuma, ile yenye springi ya kushikia gari, isikatwe mshipi wake uliooza kwa grainda wala kwa gesi: springi iliyomo imekandamizwa kwa nguvu ya mamia ya kilo na huruka kama mzinga. Ifungwe kwanza kwa bolti yake maalumu, au ibadilishwe nzima. Kopo la dawa ya kusafishia breki lenye klorini lisipulizwe kwenye chuma cha moto, maana hutoa gesi ya sumu kali. Na majani ya springi yasipigwe moto, kwa sababu ugumu wake uliwekwa kwa joto na huondoka kwa joto. Yatavunjika kilimani na mzigo juu.

Turudi kwenye manifoldi, maana ndiyo mahali panapokata stadi nyingi kuliko popote kwenye injini ya dizeli. Chuma cha kusubu cha manifoldi hupanda hadi nyuzi 500 na zaidi lori likipanda mlima, kisha hupoa usiku. Kwa miaka hujikunja na kufupika kidogo. Katikati hakuna kinachosogea sana; ncha zake mbili ndizo zinazovuta. Ndiyo maana stadi za silinda ya kwanza na ya mwisho hukatika kabla ya zile za katikati, na nyingine hukatika zenyewe barabarani, dereva akasikia tu injini imeanza kupiga "tas-tas-tas" asubuhi. Fundi anayelijua hili hulegeza zote robo robo, ili mvutano usihamie kwenye stadi moja.

Ikikatika na kubaki nje hata milimita tano, bado kuna heri. Shika kwa praisi ya kujifunga, au, bora zaidi, chomelea nati. Huvishwa nati kubwa kidogo juu ya kisiki, elektrodi inajaza katikati, ikianzia kwenye kisiki na kumalizia kwenye nati. Mwangaza unazimika, slagi inapasuka, nati inageuka kutoka njano kwenda nyekundu ya damu. Wekundu ukififia, spana inaingia. Joto la kuchomelea limefanya kazi yake ndani kabla ya mkono kufanya yake, na stadi iliyokataa siku mbili huzunguka kama iliyofungwa jana. Mara nyingine nati hukatika tena, na tena. Anayeelewa hachukii, kwa kuwa kila jaribio limepeleka joto jingine ndani. Hata iliyokatikia usawa wa uso huweza kujazwa tone kwa tone mpaka itokeze. Ndani ya aluminiamu mbinu ni nzuri zaidi ya inavyodhaniwa, maana chuma cha elektrodi hakishikani na aluminiamu. Kwangu mimi hii ndiyo mbinu ya kwanza kwa bolti za milimita 8 kwenda juu, na inasikitisha kuona drili ikitolewa kabla ya mashine ya kuchomelea iliyosimama pembeni.

Drili iwe ya pili. Kisiki kisawazishwe kwa tupa, kwa sababu biti haiwezi kusimama kwenye mvunjiko ulioinama. Senta panchi ipige katikati hasa, na aliyekosea kwa milimita moja arekebishe alama kabla ya kutoboa. Aanze na biti ndogo ya milimita 3, mwendo wa polepole, mafuta, akiongeza ukubwa hatua kwa hatua. Kwa M10 ya kawaida mwisho ni milimita 8.5, kwa M12 ni 10.2, zaidi ya hapo biti inakula meno ya tundu. Bolti ngumu ndani ya aluminiamu laini husukuma biti pembeni, kuelekea palipo rahisi, na ndivyo matundu mengi yanavyopinda. Biti ya kukata kinyume, ikipatikana, mara nyingi hutoka na bolti yenyewe kabla kazi haijaisha, maana inazungusha upande wa kulegeza.

Chombo cha kutolea bolti, kile chenye meno yaliyojisokota kinyume ambacho huuzwa kwa seti kwenye kiboksi chekundu, nakihofia. Kimetengenezwa kwa chuma kigumu sana, na kila kigumu sana huvunjika badala ya kupinda. Umbo lake la kabari huitanua bolti ndani ya tundu, yaani hukaza kile tunachotaka kukilegeza. Kinafaa kwa bolti iliyokatika bila kushikwa na kutu. Kwa iliyoganda, bolti ambayo mwili wake mzima ulishindwa kuzunguka haitazungushwa na pini nyembamba kuliko yenyewe. Pini hiyo ikivunjikia ndani, biti ya kawaida haiigusi tena. Inatakiwa biti ya kabaidi au mashine ya kuchoma chuma kwa cheche, na mashine hiyo si ya kila mji.

Tundu likiharibika, bado injini haijafa. Meno mapya ya waya ya aina ya Heli-Coil huingizwa kwenye tundu lililopanuliwa, na ndani ya aluminiamu yanaweza kushinda meno ya mwanzo kwa nguvu. Pasipo na hayo, fundi wa kukereza hutengeneza busi yenye meno nje na ndani. Kupanua tundu na kuweka bolti kubwa zaidi ni njia ya mkato inayokubalika kwenye chesisi na mabano, ila si kwenye hedi, ambako ukuta wa njia ya maji unaweza kuwa karibu.

Zipo bolti ambazo hazistahili kuokolewa hata kidogo. Yubolti za springi zikatwe kwa gesi au grainda bila majuto, springi zikiwa zimekingwa dhidi ya mwali, kwa sababu yubolti ikishakazwa na kuvutika haipaswi kurudishwa hata ikitoka nzima. Nati iliyoganda ipasuliwe kwa tindo upande mmoja bapa, au ikatwe kwa diski hadi karibu na meno kisha ifunguliwe kwa pigo moja. Fundi anayetumia saa tatu kuokoa bolti inayouzwa duka la jirani amemhudumia nani?

Swali hilo linatupeleka kwenye fedha. Mafundi wetu wengi hulipwa kwa kazi, si kwa saa. Bei ya "kufungua gasketi" hupangwa kana kwamba bolti zote zitatoka. Ikikatika moja, siku nzima ya ziada humwangukia fundi, na mwenye lori husimama pembeni akihesabu mzigo anaoukosa. "Fundi, bado tu?" "Mzee, nipe mpaka kesho asubuhi, iloe mafuta." "Kesho gari liwe njiani, bwana." Mazungumzo hayo ya kila siku yamekata bolti nyingi kuliko bahari. Mpangilio wa malipo humwadhibu anayesubiri na kumtuza anayejaribu bahati kwa bomba, na bahati ikikataa hasara humrudia mwenye gari mara tatu. Lawama hapa si ya fundi peke yake. Inawezekana kupatana tofauti: bei ya kazi iwe ya bolti zinazotoka, bolti zinazokatika zihesabiwe kando kwa bei iliyotajwa mapema, na lori liletwe jana yake jioni ili lipate mafuta usiku. Mwenye gari mwenyewe anaweza kuagiza dereva amwage mafuta kwenye bolti hizo siku mbili tatu kabla, kila anaposimama.

Na wakati wa kufunga ndipo kazi ya miaka kumi ijayo inapoamuliwa. Meno yasafishwe kwa brashi ya waya na tapu, yapakwe grisi ya shaba penye joto au grisi ya kawaida penye matope. Meno yaliyopakwa huteleza, kwa hiyo mkono wa kukaza upungue, la sivyo bolti itavutwa kupita kiasi chake; na kwa nati za magurudumu kifuatwe kitabu cha gari husika, kwa kuwa baadhi hutaka mafuta kidogo na nyingine hutaka ukavu. Namba zilizo kichwani zisomwe. 8.8 maana yake ni chuma kinachostahimili nyutoni 800 kwa kila milimita ya mraba kabla ya kukatika, na huanza kuvutika moja kwa moja ikifika asilimia 80 ya hapo, 10.9 ni ngumu zaidi. Bolti isiyo na namba yoyote haina nafasi kwenye springi, breki wala usukani, hata kama imetoshea vizuri na fundi ameitoa kwenye ndoo yake kwa nia njema.

Zilizotolewa nazo zisirudi kwenye ndoo hiyo. Yubolti za zamani ziende kwa wauza vyuma chakavu zikiwa zimekatwa vipande viwili, zisije zikapakwa rangi na kurudi rafuni kama mpya.